Si kila goti linalouma hutaka kisu

Maumivu ya goti huwapata vijana wa kandanda na akina mama wa shambani vilevile, lakini tiba yao si moja. Makala haya yanaeleza gegedu la goti ni nini, huharibika vipi, na madaktari wa upasuaji hulifanyia nini.

TUCHUKUE mfano wa watu wawili walioketi kwenye benchi moja mjini Machakos, wakingoja kumwona daktari wa mifupa.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 22. Jumapili iliyopita alikuwa akicheza kandanda. Aligeuka ghafla kuufuata mpira huku mguu wake umekita ardhini, akasikia kitu kikilia "ko!" ndani ya goti. Kufikia asubuhi goti lilikuwa limevimba kama embe. Sasa limekwama, na hawezi kulinyoosha hadi mwisho.

Wa pili ni mama wa miaka 61 kutoka miteremko ya milima ya Iveti. Yeye hakuanguka wala hakugongwa. Goti lake lilianza kuuma miaka sita iliyopita, kidogo kidogo, hasa akiteremka kwenda sokoni. Siku hizi linalia kama mlango wenye kutu, na kila asubuhi inambidi ashike ukuta ndipo asimame.

"Mwanangu, hata wewe ni goti?" anauliza mama.

"Ndiyo, mama. Hili la kulia."

"Pole. Langu nimeambiwa linaweza kufunguliwa kidogo likaoshwa ndani. Watoto wanataka tuuze kipande cha shamba tulipie hiyo kazi."

Watu hawa wawili tumewabuni, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki ya mifupa atawatambua. Swali ni hili: kati yao, ni nani anayehitaji kupasuliwa?

Wengi wetu tungemtaja mama bila kusita, kwa kuwa ndiye aliyeteseka kwa muda mrefu. Kijana tungemwambia avumilie, akandwe kwa maji moto, atapoa. Jambo la kushangaza ni kwamba wataalamu wa mifupa wangejibu kinyume kabisa. Kijana ndiye anayepaswa kuharakishwa. Naye mama, kabla ya kuuza hata futi moja ya shamba, anafaa kusikiliza kwanza.

Ili kuelewa sababu, yafaa tulifahamu goti lenyewe.

Yaliyomo ndani ya goti

Goti ni mahali ambapo mfupa wa paja hukutana na mfupa wa muundi. Mbele yake kuna kile kifupa cha mviringo kiitwacho pia ya goti. Mifupa hii hushikiliwa pamoja na kano imara, na kuendeshwa na misuli, hasa misuli mikubwa ya mbele ya paja.

Ncha za mifupa hiyo hazigusani zikiwa tupu. Zimefunikwa kwa gegedu. Ukila paja la kuku, ile sehemu nyeupe inayong'aa na kuteleza mwishoni mwa mfupa ndiyo gegedu. Katika goti la binadamu unene wake ni kati ya milimita 2 na 4 hivi, na nyuma ya pia ya goti huwa nene zaidi. Sehemu kubwa ya gegedu ni maji. Kazi yake ni kuifanya mifupa iteleze bila kusuguana na kuupokea uzito wa mwili.

Mbali na gegedu hilo la kufunika mifupa, kila goti lina vipande viwili vya gegedu gumu, chenye umbo la mwezi mchanga, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Madaktari huviita meniski. Hivi hukaa kati ya mifupa miwili mithili ya mito ya kukalia, vikisambaza uzito usilemee mahali pamoja.

Uzito wenyewe si haba. Mtu akitembea kwenye tambarare, goti hubeba mara mbili au tatu ya uzito wa mwili wake kwa kila hatua. Akipanda au kuteremka ngazi, au akichuchumaa, mzigo huongezeka zaidi. Sasa fikiria mama anayeteremka mlima akiwa na mtungi wa lita 20 mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso. Maji hayo peke yake ni kilo 20.

Kwa nini haliponi lenyewe

Ukijikata kidole, damu hutoka, huganda, na baada ya siku chache ngozi mpya huota. Mfupa ukivunjika nao huunga. Gegedu halina bahati hiyo, kwa sababu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute ulio ndani ya goti, ambao husukumwa ndani na nje ya gegedu tunapotembea, kama sifongo inavyobanwa na kuachiliwa. Chembechembe hai zilizomo ni chache, na haziwezi kuhama kwenda kuziba mahali palipochimbika.

Isitoshe, gegedu halina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo laweza kulika kwa muda mrefu bila mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu yanapoanza, mara nyingi yanatoka kwenye mfupa ulio chini yake au kwenye utando wa goti uliovimba.

Jambo hili si geni kwa matabibu. Mnamo mwaka wa 1743 daktari William Hunter aliwaeleza wanasayansi wenzake mjini London kwamba gegedu likishaharibika halirudi tena. Karibu miaka 300 imepita, na kazi yote ya madaktari wa magoti tangu hapo imekuwa ni kubishana na ukweli huo. Wameupunguza makali, lakini hawajaushinda.

Watu wa Machakos wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Katika miaka ya 1930 vilima vya wilaya hii vilijulikana kwa mmomonyoko wa udongo. Udongo uliobebwa na mvua hadi mtoni haukurudishwa na mtu. Kilichookoa mashamba ni kuulinda ule uliobaki, kwa kuchimba matuta ya "fanya juu" ambayo yalienea sana kuanzia miaka ya 1950. Goti nalo ni hivyo. Kilichokwenda kimekwenda, hekima ni kukilinda kilichobaki.

Kuchanika na kulika

Uharibifu wa gegedu huja kwa njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ajali. Mchezaji hugeuka huku mguu umekita, mwendeshaji wa bodaboda huanguka na goti kugonga lami, au mtu huteleza kwenye matope akiwa na mzigo. Meniski huchanika, au kipande cha gegedu hubanduka kutoka kwenye mfupa na kuelea ndani ya goti. Goti lililobaki huwa zima. Hili ndilo goti la kijana wetu.

Njia ya pili ni kulika polepole. Miaka, uzito wa mwili, kazi za sulubu, miguu iliyopinda, majeraha ya zamani na urithi wa ukoo huchangia. Gegedu hukwaruzika, hulainika, huchanikachanika, na mwishowe mfupa hubaki wazi. Hapa si kijishimo kimoja, ni uso mzima wa goti uliochakaa. Hili ndilo goti la mama.

Dalili za njia ya kwanza ni goti kuvimba muda mfupi baada ya kuumia, kukwama lisikunjuke, au kulegea ghafla mtu akitembea. Dalili za njia ya pili ni maumivu yanayokuja na kwenda kwa miaka, ukakamavu wa asubuhi unaopungua mtu akisha kutembeatembea, na goti kulialia.

Kuna dalili nyingine ambayo haifai kungojewa hata usiku mmoja. Goti likivimba, likawa la moto, na mtu akawa na homa, huenda viini vimeingia ndani. Usaha waweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hasa akiwa mtoto.

Daktari hutambuaje?

Daktari mwema huanza kwa masikio na mikono. Atauliza goti liliumia vipi na lilivimba baada ya muda gani. Kisha atalikunja, alikunjue, alizungushe na kulibonyeza pembeni.

Picha ya eksirei huonyesha mifupa, wala haionyeshi gegedu lenyewe. Hata hivyo, ikipigwa mgonjwa akiwa amesimama, huonyesha nafasi iliyopo kati ya mifupa. Nafasi hiyo ikiwa finyu, gegedu limepungua. Kipimo cha MRI, kinachotumia nguvu za sumaku, ndicho kinachoonyesha gegedu, meniski na kano. Ni kipimo cha gharama, na si kila goti linalokihitaji. Mtu mwenye umri wa miaka 60 aliyekwisha kupigwa eksirei na ikaonyesha wazi kwamba goti limelika, mara nyingi hapati jipya lolote kwenye MRI zaidi ya bili.

Kazi ya kamera

Zamani, aliyechanika meniski alipasuliwa goti zima na meniski yote kutolewa. Madaktari waliamini haina kazi kubwa. Kweli, mwaka wa 1883 mjini Edinburgh daktari Thomas Annandale aliishona meniski iliyobanduka badala ya kuitupa, lakini wachache walimfuata. Ni mwaka wa 1948 ndipo daktari Mwingereza T. J. Fairbank alipoonyesha kwa picha za eksirei kwamba magoti yaliyotolewa meniski hubadilika na kuanza kulika. Ule mto uliotupwa ulikuwa na kazi.

Wakati huo Wajapani walikuwa wakitafuta njia ya kuchungulia ndani bila kupasua pakubwa. Mwaka wa 1918 Profesa Kenji Takagi wa Tokyo aliingiza kifaa cha kuchungulia kibofu ndani ya goti la maiti. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, aliendeleza kazi hiyo, na mwaka wa 1962 akakata kipande cha meniski iliyochanika kwa kupitia tundu dogo. Huo ndio mwanzo wa upasuaji wa kamera tunaousikia leo.

Upasuaji huo hufanywa hivi. Mgonjwa hupewa nusukaputi, au sindano ya ganzi mgongoni. Daktari hutoboa matundu mawili au matatu mbele ya goti, kila moja likiwa na upana wa chini ya sentimita moja hivi. Katika tundu moja hupita kamera nyembamba kama penseli, na picha huonekana kwenye skrini. Maji ya chumvi yaliyotakaswa hutiwa ndani ili goti lijae na kuonekana vizuri. Katika tundu la pili hupita vyombo vidogo vya kukatia, kushonea na kusugulia. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kwa kijana wetu, daktari ataangalia meniski imechanika wapi. Ukingo wake wa nje una mishipa ya damu, kwa hiyo ukishonwa waweza kuunga. Sehemu ya ndani haina damu. Mara nyingi hukatwa kile kipande kilichoning'inia tu, na kingine chote huachwa. Kanuni ya siku hizi ni kuokoa kinachookoleka.

Hapa ndipo kuharakisha kunapofaa. Goti lililokwama likiachwa miezi mingi, kipande kilichochanika huendelea kusagwa na kulikwaruza gegedu zima lililo karibu. Lililokuwa la kushonwa huwa la kukatwa, na lililokuwa la kukatwa huanza kulika.

Kuziba mashimo

Itakuwaje basi ikiwa si meniski, bali ni gegedu la kwenye mfupa lililochimbika shimo? Kuna njia tatu zinazojulikana zaidi.

Ya kwanza ni kutoboa mfupa. Daktari husafisha kingo za shimo, kisha hutoboa vitundu vidogo vidogo kwenye mfupa ulio chini, kila kimoja kikiwa milimita 3 au 4 kutoka kwa mwenzake. Damu na chembechembe za uboho hupanda, huganda ndani ya shimo, na baada ya miezi hugeuka kuwa kovu linalofanana na gegedu. Daktari Richard Steadman wa Vail, Marekani, ndiye aliyeieneza njia hii tangu miaka ya 1980. Sifa yake ni kwamba ni rahisi na haihitaji vyombo vya ajabu. Ila yafaa ieleweke kwamba kovu hilo si gegedu la asili. Ni dhaifu zaidi, hufaa kwa mashimo madogo, na kwa wagonjwa wengi nafuu huanza kupungua baada ya miaka kadhaa.

Ya pili ni kuhamisha. Daktari huchukua vijiti vidogo vya mfupa vyenye gegedu lake kutoka pembeni mwa goti, mahali pasipobeba uzito mwingi, na kuvipanda ndani ya shimo kimoja baada ya kingine, kama mtu anayehamisha miche kutoka kitaluni. László Hangody wa Hungaria aliifanya njia hii ijulikane katika miaka ya 1990. Hapa mgonjwa hupata gegedu la kweli, lakini kitalu chenyewe ni kidogo. Huwezi kuchukua vingi bila kuharibu ulikochukua.

Ya tatu ni kukuza chembechembe. Daktari huchukua kipande kidogo cha gegedu, chembechembe zake hukuzwa maabarani kwa wiki kadhaa hadi ziwe mamilioni, kisha mgonjwa hurudi kupasuliwa mara ya pili ili zipandwe kwenye shimo. Mwaka wa 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Gothenburg, Uswidi, walitangaza matokeo ya wagonjwa 23 wa kwanza, na dunia ya matibabu ikachangamka. Njia hii hutumika kwa mashimo makubwa zaidi. Lakini inahitaji maabara maalumu, upasuaji mara mbili, na fedha nyingi mno.

Njia zote tatu zina sharti moja. Shimo liwe moja au machache, na sehemu zilizobaki ziwe nzima. Kiraka hushonewa kwenye nguo imara. Ukikishonea kwenye nguo iliyochakaa yote, kitachomoka na kipande kingine.

Na hakuna kiasi cha fedha kinachoweza kulivunja sharti hilo. Wapenzi wa ligi ya Uingereza watamkumbuka Ledley King, nahodha wa Tottenham. Gegedu la goti lake lilikwisha. Klabu yake ilikuwa tajiri na madaktari walikuwepo, lakini hakuna aliyeweza kumwoteshea gegedu jipya. Kwa miaka ya mwisho hakuweza kufanya mazoezi na wenzake katikati ya wiki. Alipumzisha goti kisha akacheza siku ya mechi. Mwaka wa 2012 akastaafu akiwa na miaka 31.

Vipi kuhusu mama?

Sasa turudi kwa mama wa Iveti na ule ushauri wa "kuoshwa goti".

Kwa miaka mingi, magoti yaliyolika yalifunguliwa kwa kamera, yakaoshwa kwa maji na kukwanguliwa. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu. Ndipo daktari Bruce Moseley na wenzake wa Houston, Marekani, walipoamua kulijaribu jambo hilo kwa haki. Waliwachukua wagonjwa 180 na kuwagawa mafungu matatu. Fungu moja walioshwa goti, la pili wakaoshwa na kukwanguliwa, na la tatu wakakatwa ngozi tu na kushonwa, bila chochote kufanywa ndani. Wagonjwa hawakujua wako fungu lipi.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002. Baada ya miaka miwili, waliooshwa hawakuwa na nafuu kuwazidi wale waliokatwa ngozi tu. Mwaka wa 2013 madaktari wa Ufini walipata jibu kama hilo. Wagonjwa wao walikuwa 146, wa miaka 35 hadi 65, ambao meniski zao zilichanika kwa kuchakaa wala si kwa ajali. Kukatwa meniski hakukuwasaidia kuliko upasuaji wa kuigiza. Mwaka wa 2017 jopo la kimataifa la wataalamu na wagonjwa likatoa mwongozo mkali kwamba goti lililolika lisifanyiwe upasuaji wa kamera.

Kwa hiyo shamba la mama lingeuzwa bure.

Hii si kusema hana la kufanya. Dawa yake ya kwanza ni misuli. Misuli ya mbele ya paja ikiwa na nguvu, hupokea sehemu ya mzigo kabla haujafika gotini. Zoezi moja ni rahisi: aketi kwenye kiti, anyooshe mguu hadi ulingane na paja, aushikilie hapo akihesabu hadi tano, kisha aushushe polepole. Afanye hivyo mara 10 kwa kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki za kwanza goti litalalamika kidogo. Baada ya miezi miwili au mitatu wengi huona tofauti. Mtaalamu wa tiba ya viungo atamwongezea mengine.

Ya pili ni uzito. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja ambayo mtu mnene anapunguza humwondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Ya tatu ni bakora, nayo ishikwe kwa mkono wa upande ulio mzima, si upande unaouma kama wengi wafanyavyo. Ya nne ni mizigo. Mitungi miwili ya lita 10 kwa safari mbili ni heri kuliko mmoja wa lita 20, na kama kuna punda au mkokoteni nyumbani, huo si uvivu, ni tiba.

Dawa za kutuliza maumivu zina nafasi yake, lakini zile kali zikimezwa kila siku bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Hali kadhalika sindano ya steroidi ndani ya goti huleta nafuu ya wiki chache. Ikirudiwarudiwa yaweza kulidhuru gegedu lililobaki. Anayedungwa kila mwezi katika duka la dawa anapaswa kujiuliza analipia nini.

Goti likishindikana kabisa

Kuna wakati haya yote hayatoshi. Hapo kisu hurudi, lakini ni kisu cha aina nyingine.

Kwa mtu ambaye hajazeeka, aliyepinda mguu na goti lake limelika upande mmoja tu, daktari anaweza kuukata mfupa wa muundi karibu na goti, akaunyoosha na kuufunga kwa bamba la chuma. Uzito huhamia upande ulio mzima, na goti huongezewa miaka.

Kwa aliyelika pande zote, asiyeweza kulala wala kufika chooni bila kuumia, kuna kubadilishiwa goti. Ncha za mifupa hukatwa na kuvishwa chuma, na kati yao huwekwa plastiki ngumu. Takwimu zilizochapishwa mwaka wa 2019 zilikadiria kwamba kati ya magoti 100 ya bandia, 82 hivi hudumu miaka 25. Kwa sababu hiyo madaktari hawapendi kumwekea mtu wa miaka 40, maana huenda akahitaji jingine uzeeni.

Upasuaji huu ni mkubwa. Una hatari zake, hasa viini kuingia na damu kuganda miguuni, na baadaye kuchuchumaa au kupiga magoti shambani huwa kazi ngumu. Lakini kwa anayeuhitaji kweli, humrudisha mtu kanisani, msikitini na sokoni kwa miguu yake. Kama ni shamba la kuuzwa, heri liuzwe kwa hili kuliko kwa kuoshwa goti.

Kabla ya kulipa

Mgonjwa wa Machakos aanze na hospitali iliyo karibu, kisha apate barua ya kwenda Machakos Level 5, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti. Kutoka hapo anaweza kutumwa Nairobi, mwendo wa kilomita 60 na kitu, au katika hospitali za misheni zinazojulikana kwa kazi ya mifupa kama vile Kikuyu na Kijabe. Tangu Oktoba 2024 bima ya SHA ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF. Mgonjwa aulize mapema, tena apewe kwa maandishi, ni kiasi gani bima itabeba na ni kiasi gani atatoa mfukoni.

Na akiwa mbele ya daktari, asiogope kuuliza. Goti langu limechanika au limelika? Nisipopasuliwa itakuwaje? Nimefanya mazoezi ya kutosha kabla ya kufika hapa? Baada ya upasuaji nitatumia magongo kwa muda gani, na nani atanifundisha mazoezi? Daktari mzuri hakasirikii maswali hayo.

Swali la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Aliyetobolewa mfupa hutumia magongo wiki sita hadi nane, asikanyagie mguu wote. Aliyeshonwa meniski naye hupewa masharti kama hayo. Vijana wengi huona kidonda kimepona nje, wakatupa magongo na kurudi uwanjani. Kilichoshonwa hufumuka. Haraka haraka haina baraka, na katika goti msemo huu si wa mapambo.

Basi tuwarudie wawili wetu. Kijana aingie kwa daktari kwanza, maana goti lake linahesabu siku. Mama naye asiondoke akidhani amenyimwa tiba. Ameokolewa shamba, na kapewa kazi ya kufanya kila asubuhi na jioni akiwa ameketi kwenye kiti chake.

"Sasa, mama, hamtauza?" kijana anamuuliza akitoka na magongo yake.

"Bado, mwanangu. Nimeambiwa nianze na mazoezi. Nawe usitupe hizo fimbo mapema."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Kwa upande wa gegedu yafaa tuongeze kwamba ukuta wenyewe, ukishaanguka, hakuna fundi anayeujua udongo wake.